Watu Wanane wa Ukumbi wa Solheim

Wanasema Selmer Hauge hajapata kukubali kitu kabla ya kuulizwa mara tatu. Wanasema hata siku ya kuzaliwa mkunga alimwita mara mbili akakataa kutoka, eti asije akamsumbua mtu, na alipoitwa mara ya tatu ndipo akatoa kichwa na kuomba radhi.

Ardis Tveit, jirani yake wa upande wa mashariki, hakuona cha kuchekesha hapo. Yeye mwenyewe alizaliwa hivyo hivyo. Watu wa Solheim, ambao mababu zao walitoka Norwe wakaja kulima Dakota ya Kaskazini, wote walilelewa kwa sheria moja. Ukikaribishwa mara ya kwanza, kataa, maana huenda mwenyeji anatimiza wajibu tu. Mara ya pili kataa tena, kwa upole. Akirudia mara ya tatu, basi anataka kweli, nawe una ruhusa ya kuonyesha kwamba ulikuwa unakufa kwa njaa.

"Kahawa, Selmer?" Ardis alimwuliza asubuhi moja ya Septemba, Selmer akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, mbwa wake Pontus nyuma ya miguu yake.

"Aa, hapana. Nisikusumbue."

"Iko jikoni tayari."

"Nimekunywa nyumbani, Ardis. Asante."

"Kidogo tu. Nitaimwaga bure."

"Basi, kama ipo," Selmer alisema, na alikuwa amekwisha kuketi kabla ya neno kumtoka. Alikunywa vikombe vinne, akala vipande vya keki ambavyo adabu inatukataza kutaja idadi yake.

Ardis alimtazama akitafuna. Mwanamume mrefu, mkimya, hajaoa, masikio makubwa ya kumwezesha kusikia ngano ikiota. Tangu Norman, mume wa Ardis, alipofariki, Selmer ndiye aliyekuja kumtolea theluji mlangoni, naye Ardis ndiye aliyemshonea vifungo. Na kulikuwa na jambo moja ambalo Selmer alikuwa amemwuliza mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa ghalani, akiongea na ukuta. Mara ya pili alikuwa chini ya trekta, miguu tu ndiyo iliyoonekana, na sauti ikatokea kwenye injini: "Ardis, watu wawili kupasha moto nyumba mbili, huoni ni hasara?" Mara zote mbili Ardis alijibu hapana, asante, kama alivyofundishwa na mama yake. Kisha akasubiri. Miaka ikapita, mara ya tatu haikuja. Ardis alikuwa bado anasubiri, huku akijiambia kwamba hasubiri.

"Utakuja ukumbini baada ya mavuno?" akamwuliza, akimwongezea kahawa.

"Mimi? Na magoti haya? Hapana, tafuteni mtu."

Hiyo ilikuwa ya kwanza. Ardis akaridhika, akafuta meza.

Ukumbi wenyewe ulikuwa nyumba ya mbao nyeupe kwenye njia panda, na kila mwaka, mavuno yakiisha, watu wa mashamba walikutana humo kucheza densi ya mraba. Densi hiyo haitaki utani. Inataka watu wanane, wawili wawili kila upande, hawapungui. Zamani ukumbi ulijaa miraba mpaka mingine ikachezwa nje kwenye majani, na wazee wanaapa kwamba kuna mwaka sakafu ilitikisika hata kuku wa wilaya ya jirani wakataga mayai yaliyokwisha kuvurugwa.

Siku hizi ngano imejaa lakini watu wamekwisha. Ardhi ya Ardis, ya Selmer na ya majirani wote imekodishwa na bwana mmoja anayeishi mjini, mwenye mashine ya kuvunia pana kiasi kwamba mkono wake wa kushoto unaweza kuwa kwenye mvua na wa kulia kwenye jua. Mashine hiyo inajiendesha yenyewe. Dereva hukaa ndani kwa ajili ya kuipa moyo tu. Mavuno yaliyokuwa yakitaka familia ishirini, jiko la kuwalisha na ugomvi wa kuwachangamsha, sasa yanakwisha kabla ya Ardis kumaliza kukausha vyombo. Shule ilifungwa. Kanisa linapata mchungaji mara moja kwa mwezi, naye huhubiri huku akitazama saa.

Lakini Ardis alipapenda. Dirisha la jikoni kwake lilitazama barabara, na kila dereva aliyepita aliinua kidole kimoja juu ya usukani kumsalimu, naye akainua chake kwenye povu la sabuni. Alipokwenda mji wa Fargo kumtembelea binti yake, aliinua kidole kwa kila gari mpaka mkono ukafa ganzi kabla hawajafika kwenye taa za barabarani za pili. Hakuna aliyemjibu, ila mmoja, naye kwa kidole kisicho hicho.

Binti huyo, Renae, alikuwa na roho nzuri na akili ya kupanga mambo. Alikuwa amemtafutia mama yake nyumba ya ghorofani huko huko Fargo, yenye lifti na banda la gari linalopashwa moto. "Mama, ukianguka huku nani atajua?" aliuliza Krismasi iliyopita, mbele ya samaki wa sikukuu. "Mpaka majira ya kuchipua?"

"Selmer atajua."

"Selmer atabisha mlango mara mbili, usipoitika ataenda zake asikusumbue."

Ardis alikasirika, na mtu akikasirika huahidi. "Sikiliza, mwanangu. Mwaka ambao mraba wa Solheim utakosa watu wanane, watu wanaolala kwenye nyumba za shamba, siyo wageni wa kutoka mjini, mwaka huo nitafunga nyumba niende kupanda lifti yako. Kabla ya hapo usinitajie."

Alisema hivyo kwa majivuno, maana wanane alikuwa nao. Yeye na Selmer. Orville na LaVonne Bjerke. Alphonse na Rosina Schmaltz, Wajerumani wa upande wa kusini. Na Clarence na Dolores. Alichokuwa hajui ni kwamba Clarence na Dolores walikuwa wamekwisha kununua kibanda Arizona kwa ajili ya magoti, na waliogopa kumwambia. Walihama mwezi wa nne, wakaaga kwa kadi.

Wakabaki sita.

Nyumba ya Clarence haikukaa tupu, na hapo ndipo Ardis alipoweka tumaini lake lote. Ilinunuliwa na vijana wawili kutoka Kalifornia, Dario na Camila, waliofanya kazi zao kwa kompyuta na kufuga mbuzi wanne kama watu wanavyofuga mashangazi. Mbuzi walikuwa na makoti. Orville alipowauliza wanalima nini, Dario alijibu kwamba hawalimi, wamefuata utulivu, na Orville alirudi nyumbani akalala na kitambaa cha maji kwenye paji la uso.

Mwanzoni mwa Oktoba Ardis alijipanga. Asubuhi alikutana na Selmer kwenye masanduku ya barua.

"Densi ni Jumamosi ijayo," akamwambia. "Utakuwepo, sivyo?"

"La, Ardis. Kuna vijana siku hizi. Wachukueni hao."

Hiyo ilikuwa ya pili. Vizuri. Ya tatu angempa jioni ile ile, mlangoni kwake, kama kila mwaka. Kwanza akapinda kwenda kwa Dario na Camila na sinia la keki ya tofaa.

Huko aliketi, akasifu mbuzi, akaeleza habari za baridi inayokuja, akaeleza za baridi iliyopita ili walinganishe. Alipokwisha kuaga, mkono ukiwa kwenye kitasa, akatamka: "Jumamosi kuna kangoma kadogo ukumbini. Si kitu kikubwa. Watu wachache tu. Labda mna kazi zenu."

Kwa Solheim, huko ni kupiga magoti na kulia.

"Oh, vizuri sana, bibi," Camila akasema. "Tutakuja. Saa ngapi?"

Ardis aliona dunia ikizunguka. Wamekubali papo hapo, mara ya kwanza, bila hata kujikuna kichwa. Nani anayekubali mara ya kwanza kama si mtu asiyenuia kuja? Huko ni kukufukuza kwa tabasamu. "Saa kumi," akajibu kwa sauti ndogo, akaenda zake.

Njiani hakuona barabara. Lori la Orville lilipita, akasahau kuinua kidole, jambo ambalo Orville alilizungumza wiki nzima. Njia ya kwa Selmer aliipita vilevile, akaenda moja kwa moja nyumbani, akafungua kabati la vyombo na kuanza kujiuliza vipi vitaingia kwenye nyumba ya ghorofani. Kila kikombe alichokishika kilikuwa na mtu wake. Kile chenye mdomo uliomeguka kilikuwa cha Selmer, na Fargo hakungekuwa na wa kukinywea. Akakirudisha mahali pake, akafunga kabati.

Jumamosi Renae alifika mapema, gari limejaa maboksi matupu mpaka kwenye vioo.

"Ya nini hayo?" Ardis aliuliza, ingawa alijua.

"Ya tahadhari, Mama. Kama hayatahitajika nitayarudisha dukani."

"Umeleta mengi."

"Una vikombe vingi."

Walikwenda ukumbini. Alphonse alikuwa amekwisha kufika na kodiani yake. Huyu Alphonse hucheza densi na kupiga muziki kwa pamoja, kodiani kifuani, Rosina mbele ya kodiani. Wamecheza hivyo miaka yao yote ya ndoa, na watani husema ndiyo sababu walipata watoto wawili tu. Rosina alikuwa akikoroga sufuria ya supu ya madonge ya unga. Orville alitandika meza. LaVonne, mwenye sauti ya kuita hatua, alikuwa anakohoa kuilainisha.

"Tuko wangapi?" Orville akauliza.

"Watano," akasema LaVonne. "Selmer sita."

Mlango ukafunguliwa, upepo ukaingia, na nyuma ya upepo wakaingia Dario na Camila, wamevaa buti mpya, na jibini la mbuzi kwenye sahani.

Ardis aliachia kijiko. "Mmekuja."

"Tulisema tutakuja, bibi," Dario alijibu.

"Ndiyo, mlisema. Lakini mlisema mara moja."

"Sasa tungesema mara ngapi?"

Alphonse alicheka hadi kodiani ikalia yenyewe. "Kijana, hawa Wanorwe ukiwaambia nyumba inaungua watasema la, asante, tumeshapata moto nyumbani. Karibu, keti. Mimi nimewavumilia miaka yote, nawe utazoea."

Ardis alihisi miguu yake inakuwa myepesi. Wanane! Akamtazama Renae kwa ushindi, akatazama mlango, akatazama meza. Saa kumi ikapita. Supu ikaanza kushika utando juu. Mlango haukufunguliwa tena.

"Selmer yuko wapi?" Renae aliuliza taratibu.

"Anakuja. Hajapata kukosa."

"Ngoja nimpigie," LaVonne akasema, akachukua simu. "Selmer? LaVonne hapa. Njoo basi, tunakungoja... Ee... Sawa... Haya." Akaiweka. "Anasema hapana, asante, tusisumbuke."

"Hiyo ni ya kwanza yako wewe," Alphonse akasema. "Umebakiza mbili." Akamgeukia Ardis, kicheko kimepungua. "Jirani, wewe ulimwalika mara ngapi?"

Ardis akafungua mdomo. Jikoni, moja. Kwenye masanduku ya barua, mbili. Kisha jibini, mbuzi, keki ya tofaa, na ile njia ya kwa Selmer aliyoipita akiwa haoni.

"Mungu wangu," akasema polepole. "Nimemwacha mtu kwenye mbili."

Hata Dario, ambaye hakuelewa, aliona kwamba jambo zito limetokea. Orville alivua kofia.

"Saba," LaVonne akasema. "Saba siyo mraba. Saba ni mdomo wenye pengo."

"Renae," Ardis alisema, "gari lako ndilo la mwisho pale nje, halijazibwa. Nipeleke."

Renae angeweza kukataa. Wakati ulikuwa upande wake, na maboksi yalikuwa ndani ya gari. Alimtazama mama yake aliyekuwa anavaa koti kinyume, akachukua ufunguo.

Walikwenda kasi, vumbi likisimama nyuma yao. Wanasema vumbi lile halijatua hata leo, marubani hulizunguka. Selmer walimwona tangu mbali. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za nyumba yake, amevaa suti yake ya pekee, tai imekaza, nywele zimelazwa kwa maji. Magotini alikuwa na furushi la lefse, zile chapati zao za viazi, limefungwa kwa kitambaa safi. Pontus alikuwa ameketi kando, manyoya yamechanwa kwa kitana. Ilivyoonekana, walikuwa wameketi hivyo tangu adhuhuri.

Ardis alishuka. "Selmer. Umevaa suti."

"Nilikuwa naipa hewa."

"Na lefse?"

"Zimetokea tu." Akatazama viatu vyake. "Nilidhani mmepata watu. Sikutaka kujipachika."

"Nilisahau ya tatu, Selmer. Nilikuwa na majonzi yangu. Hii hapa sasa naileta: njoo ucheze nami."

"Basi, kama mnapungukiwa," Selmer alisema, naye alikuwa amekwisha kusimama, furushi kwapani, uso umekuwa mwekundu kama ghala lililotoka kupakwa rangi. Akafungua mlango wa nyuma wa gari aingie. Hakukuwa na nafasi. Palikuwa na maboksi.

Akayatazama kwa muda. "Haya ni ya nani?"

"Ya Mama," Renae akajibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mpango. "Tulipatana. Mraba usipotimia leo, anahamia Fargo."

Selmer alifunga mlango wa gari polepole, kama mtu anayefunga mlango wa kanisa. Upepo ukapita. Pontus akakaa chini. Ardis alimjua Selmer vizuri, akajua kwamba ndani ya kichwa kile kuna kitu kizito kinasukumwa kupanda mlima.

"Ardis," akasema mwishowe. Safari hii hakuongea na ukuta, wala injini. "Lile jambo la ghalani. Na lile la chini ya trekta."

"Nayakumbuka."

"Ulikataa mara mbili."

"Nimelelewa vizuri, Selmer. Wewe ndiye hukumalizia."

"Niliogopa ya tatu," akasema. "Ukikataa ya tatu, ndiyo basi. Mbili bado zina tumaini ndani yake. Nikaona niishi na mbili."

"Miaka yote hii."

"Zilikuwa zinatosha. Nilikuwa nakuja kunywa kahawa." Akameza mate, tai ikapanda na kushuka. "Sasa naona hazitoshi. Kwa hiyo nauliza. Ya tatu. Utaolewa nami, au nakusumbua?"

Renae, ndani ya gari, alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na hapumui.

Ardis alitazama shamba lililovunwa, mpaka kule mbingu inapokaa chini. Alitaka kuimba, lakini mtu ana malezi yake.

"Basi," akasema, "kama ipo. Kidogo tu."

Selmer alicheka. Hakuna aliyewahi kumsikia akicheka, na sauti ilikuwa kubwa hata Pontus akaingia chini ya gari.

Renae aliyatupa maboksi yote uani, wakamweka Selmer kiti cha nyuma na lefse magotini. Ukumbini LaVonne alipowaona hakuuliza kitu, alianza kuita hatua hapo hapo, na Alphonse akavuta kodiani kwa nguvu zote. Katika mzunguko wa kwanza Dario alikanyaga kila mguu uliokuwepo, pamoja na miguu ya meza. Camila alizunguka upande usiotakiwa, akagongana na Orville, ambaye alisema hapana, asante, kisha akamwomba radhi. Rosina alicheza mbele ya kodiani ya mumewe kama kawaida. Selmer, mwenye magoti yasiyofaa kwa lolote, alimwinua Ardis kutoka sakafuni akamzungusha, na wapo wanaoapa kwamba alizunguka hewani muda wa kutosha kuiona Kanada. Renae alihesabu wanane, akahesabu tena, kisha akaenda kujipakulia supu na kulia kidogo ndani yake kwa furaha. Rosina alisema baadaye kwamba chumvi ilikuwa sawasawa.

Walipopumzika, habari zikatoka. Orville alifikiri sana, akakunja uso.

"Ngojeni. Selmer akihamia kwa Ardis, tumepoteza nyumba nyingine."

"Watu ni wale wale wanane," Ardis akasema.

"Lakini nyumba imepungua. Kule mjini wataandika kwamba Solheim tunakwisha."

"Waandike," Alphonse akasema. "Mjini hakuna aliyewahi kuja hapa akala."

Camila akaweka mkono tumboni, akamtazama Dario, Dario akatikisa kichwa kukubali. "Hata hivyo," akasema Camila, "mwaka wa kesho huenda tukawa tisa."

LaVonne akamwuliza kama atataka kikombe cha maziwa. Camila akasema ndiyo, mara ya kwanza tu, na safari hii hakuna aliyeshtuka sana.

Kesho yake Renae alirudi kwa Selmer kuyaokota maboksi yake. Upepo ulikuwa umeyatawanya uani hadi kwenye ua wa nyuma, lakini yote yalipatikana, na hayakurudi dukani. Yalijazwa suruali za Selmer, vikombe vyake viwili, redio, na misumari iliyopinda aliyoihifadhi tangu ujana kwa ajili ya siku ya kuinyoosha. Walisafirisha vyote hadi kwa Ardis kwa safari moja.

Jambo moja tu lilibaki. Mlangoni kwa Ardis, Pontus alisimama na kukataa kuvuka kizingiti.

"Karibu, Pontus," Ardis akamwambia.

Mbwa akatazama pembeni.

"Ingia basi, kuna mfupa."

Mbwa akalala chini, kwa heshima, kidevu juu ya miguu.

Ardis akamgeukia Selmer, naye Selmer akainua mabega kama mtu asiyehusika. Basi Ardis akafungua mlango wazi kabisa, joto la jiko likatoka, akamwita mara ya tatu.